Wageni Katika Nyumba ya Chama: Wapiga Kura Huru na Wagombea Wanaowavuta Katika Mchujo wa Marekani

Uchaguzi wa mchujo, ambao Watanzania wameuzoea kwa jina la kura za maoni ndani ya chama, ni hatua ambayo chama humtafuta mgombea wake kabla ya kukabiliana na vyama vingine, na kwa mantiki ya kawaida hatua hiyo ni shughuli ya wenye chama. Nchini Marekani mantiki hiyo imelegezwa kwa zaidi ya karne moja, kwa kuwa katika majimbo mengi mtu asiye na chama anaruhusiwa kuingia kituoni, kuchukua karatasi ya kura ya chama kimojawapo, na kusaidia kumteua mtu atakayekiwakilisha chama ambacho yeye mwenyewe hakutaka kujiunga nacho. Swali linalojitokeza ni mtu wa namna hiyo humtafuta nani. Jibu linalotolewa haraka ni kwamba humtafuta mgombea wa msimamo wa kati, asiyeelemea kulia wala kushoto. Jibu hilo lina ukweli kiasi, lakini linashindwa kueleza jinsi wapiga kura huru wa jimbo dogo la New Hampshire walivyomfuata John McCain, mhafidhina wa Chama cha Republican, mwaka 2000, kisha mwaka 2016 wakamfuata Bernie Sanders, anayejiita msoshalisti wa kidemokrasia. Maelezo yenye nguvu zaidi yanapatikana kwa kuangalia uhusiano wa mgombea na chama chake mwenyewe: mpiga kura huru huvutwa na yule anayeonekana yuko tayari kukikosoa chama chake, na hasa pale ukosoaji huo unapomgharimu.

Neno "huru" lenyewe linahitaji kufafanuliwa, kwa sababu lina maana mbili ambazo huchanganywa mara kwa mara. Afrika Mashariki mwanachama hujulikana kwa kadi, ada na tawi lake. Marekani hakuna mambo hayo, na katika majimbo takriban 30 yanayoandikisha wapiga kura kwa vyama, uanachama ni alama tu ambayo mtu huiweka kwenye fomu ya serikali anapojiandikisha, bila ada, bila kiapo na bila wajibu wa kuhudhuria kikao chochote. Asiyeweka alama hiyo ni mpiga kura huru kwa maana ya daftari, na asichanganywe na mgombea binafsi, ambaye ni mtu anayewania cheo bila kupitia chama. Maana ya pili ni ile ya nafsi, yaani jinsi mtu anavyojitaja anapoulizwa, na kwa kipimo hicho shirika la utafiti wa maoni la Gallup lilikuta mwaka 2023 kwamba asilimia 43 ya Wamarekani watu wazima walijiita huru, idadi iliyovizidi vyama vyote viwili, kila kimoja peke yake.

Hata hivyo wataalamu wa siasa hawakubali kwamba watu wote hao hawana chama. Bruce Keith, Raymond Wolfinger na wenzao, katika kitabu chao cha mwaka 1992, walionyesha kwamba wengi wa wanaojiita huru, wakiulizwa swali la pili, hukiri kwamba wanaegemea chama fulani, na katika uchaguzi mkuu humpigia kura mgombea wa chama hicho kwa uaminifu unaokaribia, na wakati mwingine unaozidi, ule wa wanachama wasio na mshikamano mkubwa na chama chao. Kwa mtazamo huo mpiga kura huru ni kama mtu anayeswali msikiti uleule kila Ijumaa lakini hataki jina lake liandikwe kwenye kamati. Mwaka 2016 Samara Klar na Yanna Krupnikov walisogeza hoja hiyo mbele kwa kueleza kwamba wengi hukataa jina la chama kwa sababu wanaliona aibu: mtu mwenye chama, machoni pa majirani, ni mgomvi, mbishi na mtu asiyesikia la mwenzake. Ufafanuzi huu ni muhimu kuliko unavyoonekana, kwa kuwa kama uhuru wa mpiga kura ni namna ya kujitenga na fedheha ya vyama, basi ni jambo la kutarajiwa kwamba atavutwa na mgombea ambaye naye anaonekana kuionea haya fedheha hiyo hiyo.

Hata hivyo, kabla ya kuvutwa ni lazima mlango uwe wazi, na mlango huo huwekwa na sheria za majimbo. Wisconsin, chini ya mwanamageuzi Robert La Follette, ilipitisha kwa kura ya wananchi mwaka 1904 sheria ya mchujo wazi, yaani mchujo ambao mpiga kura yeyote huingia bila kuulizwa chama chake, kwa nia ya kuwanyang'anya wakubwa wa vyama mamlaka ya kuteua wagombea vyumbani. Kinyume chake ni mchujo uliofungwa, unaopokea waliojiandikisha katika chama pekee. Katikati yake upo mchujo nusu wazi, unaomruhusu asiye na chama lakini unamzuia mwanachama wa chama pinzani, na huo ndio wa New Hampshire, jimbo ambalo limekuwa likitangulia majimbo mengine yote kwa kura za mchujo tangu mwaka 1920 na ambalo takriban wapiga kura wanne kati ya kila kumi hawajatangaza chama. Utaratibu wake unastahili kutazamwa kwa karibu. Asiye na chama husimama mbele ya meza yenye daftari, huulizwa anataka karatasi ya chama gani, na mara anapoitaja huandikwa kuwa mwanachama wa chama hicho; huenda kwenye kibanda, hupiga kura yake, kisha kabla ya kutoka hupita kwenye meza nyingine, hutia saini kwenye karatasi ya kumrudisha alikokuwa, na huvuka kizingiti akiwa huru tena. Uanachama wake umedumu dakika chache, nao umetosha kumwinua au kumwangusha mtu anayetaka kuwa rais.

Mahakama ya Juu ya Marekani imeliangalia suala hili kwa jicho la haki za chama. Mwaka 1986 iliamua kwamba jimbo la Connecticut halikuwa na haki ya kukizuia Chama cha Republican kuwakaribisha wasio na chama katika mchujo wake, na mwaka 2000 ikafuta mfumo wa California uliokuwa ukivilazimisha vyama kupokea kura za mtu yeyote. Kwa ufupi, mwenye nyumba ana haki ya kukaribisha na pia ana haki ya kufunga mlango, isipokuwa kwamba katika majimbo kama Michigan na South Carolina, ambayo hayaandikishi chama cha mpiga kura, hakuna orodha ya kumtofautisha mgeni na mwenyeji.

Akishaingia, mpiga kura huru hukutana na tatizo ambalo mchujo huwaletea wapiga kura wote lakini yeye humwelemea zaidi. Katika uchaguzi mkuu jina la chama ni kama chapa kwenye gunia: mnunuzi hana haja ya kulifungua ili ajue kilichomo. Katika mchujo magunia yote yana chapa moja, na kwa hiyo mpiga kura hana budi kutafuta ishara nyingine. Mwanachama wa siku nyingi anazo, kwa kuwa humsikiliza gavana wake, seneta wake, kiongozi wa chama cha wafanyakazi au mchungaji anayeheshimika, na wanasayansi wa siasa Marty Cohen, David Karol, Hans Noel na John Zaller walidai katika kitabu cha mwaka 2008 kwamba uungaji mkono wa viongozi wa namna hiyo, unaotolewa kabla hata ya kura ya kwanza kupigwa, ndio uliokuwa ukiamua mshindi kwa miongo kadhaa. Kwa mpiga kura huru ishara hizo hazina thamani ileile, na wakati mwingine hufanya kazi kinyume. Mgombea anayesindikizwa na magavana wengi huonekana machoni pake kuwa mtu wa wakubwa, na yule aliyeachwa peke yake huanza kuonekana mtu wa kweli. Hapo ndipo wasifu wa mgombea, namna yake ya kusema na ujasiri wake hupata uzito ambao misimamo yake ya sera haina.

Hakuna mahali jambo hili lilipodhihirika vizuri kuliko mwanzoni mwa mwaka 2000. George W. Bush, gavana wa Texas na mtoto wa rais, alikuwa amekusanya zaidi ya dola milioni 60 kabla mwaka 1999 haujaisha, na magavana wengi wa chama chake walikuwa nyuma yake. McCain, seneta wa Arizona aliyekuwa mateka wa vita Vietnam kwa zaidi ya miaka mitano, hakuwa na fedha hizo wala magavana hao. Alichofanya ni kukita kambi New Hampshire, akafanya mikutano ya hadhara 114 ambayo mtu yeyote aliweza kusimama na kuuliza alilotaka, na akazunguka ndani ya basi ambalo jina lake lilimaanisha kusema kweli bila kuzunguka. Kwa rekodi ya kura zake katika Seneti hakuwa mtu wa kati: alipinga utoaji mimba, aliunga mkono jeshi lenye nguvu na alikuwa mhafidhina katika mengi. Lakini alikuwa amechagua ugomvi mmoja ulio wazi na viongozi wa chama chake, nao ulihusu michango isiyo na kikomo ambayo matajiri, makampuni na vyama vya wafanyakazi walikuwa wakivipa vyama. Mswada aliouandaa pamoja na Seneta Russ Feingold, Mdemocrat wa Wisconsin, ulikuwa umekwama mikononi mwa Maseneta wa Republican wakiongozwa na Mitch McConnell. Ross Perot, aliyepata asilimia 19 ya kura zote mwaka 1992 akiwa mgombea binafsi, alikwisha kuonyesha kwamba hasira juu ya fedha na siasa ilikuwa na hadhira kubwa isiyo na chama.

Upande wa pili, Bill Bradley, seneta wa zamani wa New Jersey na nyota wa zamani wa mpira wa kikapu, alikuwa akishindana na Makamu wa Rais Al Gore na kuwinda wapiga kura haohao. Tarehe 16 Desemba 1999 Bradley na McCain walikutana mjini Claremont, New Hampshire, mahali ambapo mwaka 1995 Rais Bill Clinton na Spika Newt Gingrich walikuwa wamepeana mikono na kuahidi kuunda tume ya kurekebisha fedha za uchaguzi, tume ambayo haikuundwa kamwe. Nao wakapeana mikono, wakaahidi kwamba wakiteuliwa wote wawili hawatakubali fedha hizo zisizo na kikomo katika kampeni zao. Kwa muda mfupi mpiga kura huru alikuwa na wagombea wawili, katika vyama viwili, wenye ahadi moja. Tarehe 1 Februari 2000 McCain alimshinda Bush kwa asilimia 49 dhidi ya 30, wakati Bradley alishindwa na Gore kwa tofauti ya asilimia nne hivi. Mahojiano ya wapiga kura walipokuwa wakitoka vituoni yalionyesha kwamba takriban wapiga kura huru watatu kati ya kila watano waliochukua karatasi ya Republican walimpa McCain kura, ilhali wenye chama waligawanyika karibu sawasawa, na kwamba karatasi ya Republican ndiyo iliyowavuta wasio na chama wengi zaidi. Kila kura huru iliyokwenda kwa McCain ilikuwa kura ambayo Bradley hakuweza kuipata tena, kwa sababu sheria humruhusu mtu karatasi moja tu.

Kwa nini McCain na si Bradley, ikiwa ahadi ilikuwa moja? Jibu ambalo linaonekana kuwa sahihi zaidi ni la gharama. Chama cha Democratic kwa sehemu kubwa kiliunga mkono mageuzi ya fedha za uchaguzi, hivyo Bradley alipoyatetea hakugombana na mtu wa kwao. McCain alipoyatetea alikuwa akiwakasirisha wenzake ambao angewahitaji kesho yake. Mpiga kura anayeviona vyama vyote kuwa na ubinafsi huamini kwa urahisi zaidi neno linalomletea msemaji hasara. Kuna pia sababu nyepesi lakini ya kweli, kwamba kura hupendelea kwenda penye ushindani unaoonekana kuweza kubadilisha kitu, na kumwangusha Bush kulionekana kuwa jambo kubwa zaidi.

Kilichofuata kilionyesha upande wa pili wa shilingi. Huko South Carolina, tarehe 19 Februari, wanachama wa Republican walijitokeza kwa wingi na Bush akashinda kwa asilimia 53 dhidi ya 42. Siku tatu baadaye Michigan, ambako Gavana John Engler alikuwa ameahidi kuwa ukuta wa kumlinda Bush, McCain alishinda kwa asilimia 51 dhidi ya 43, lakini waliojitambulisha kuwa Warepublican hawakufika hata nusu ya waliopiga kura, na miongoni mwao Bush alipata karibu theluthi mbili. McCain alikuwa ameshinda kwa kura za wageni, na wenye nyumba waliliona hilo. Tarehe 28 Februari, mjini Virginia Beach, aliwashambulia kwa majina wahubiri Pat Robertson na Jerry Falwell, akiwaita mawakala wa kutovumiliana. Hotuba hiyo iliwafurahisha wengi wasio na chama na kuwaudhi Wakristo wahafidhina ambao ndio uti wa mgongo wa mchujo wa Republican. Tarehe 7 Machi Bush alichukua California, New York na Ohio, huku McCain akiachiwa majimbo manne ya kaskazini mashariki, na siku mbili baadaye akasimamisha kampeni yake. Hotuba ileile iliyompendeza asiye na chama ilikuwa imemfungia mlango kwa mwenye chama, na hili ndilo fumbo chungu la wagombea wa aina hii.

Mwaka 2016 ulileta ushahidi mwingine, safari hii kutoka upande wa kushoto. Sanders alikuwa Seneta wa Vermont ambaye katika daftari la Seneti hakuwa hata Mdemocrat, na alipoingia katika mchujo wa Democratic alikuwa, kwa maana ya moja kwa moja, mgeni anayewania kuirithi nyumba. New Hampshire alimshinda Hillary Clinton kwa asilimia 60 dhidi ya 38. Waliojiita Wademocrat waligawanyika karibu nusu kwa nusu, lakini karibu robo tatu ya wasio na chama walimpigia yeye. Christopher Achen na Larry Bartels, wakitumia takwimu za utafiti wa Januari mwaka huo, walidai kwamba wafuasi wa Sanders hawakuwa na shauku kubwa kuliko wa Clinton kuhusu sera mahususi kama kima cha chini cha mshahara na matumizi ya serikali katika afya. Dai hilo halipaswi kusomwa kama dharau kwa wapiga kura hao. Mtu anayemchagua kiongozi kwa kuangalia ni nani hana deni kwa matajiri wa chama anafanya hesabu yenye akili, hata kama hesabu hiyo haimo kwenye dodoso la watafiti.

Donald Trump, mwaka huohuo na katika jimbo hilohilo, alipata asilimia 35 na kuongoza miongoni mwa wenye chama na wasio na chama kwa pamoja. Naye alikuwa akikishambulia chama alichotaka kimteue, juu ya vita vya Iraq na juu ya mikataba ya biashara huria. Tofauti yake na McCain ni kwamba kufikia mwaka 2016 wanachama wengi wa Republican wenyewe walikuwa wamewachoka viongozi wao, kwa hiyo maneno ambayo miaka 16 kabla yangemgharimu mgombea sasa yalimlipa. Mwenyeji alikuwa amekuwa na hasira za mgeni.

Sheria za milango zilibaki na nguvu zao. New York, yenye mchujo uliofungwa, ilimtaka aliyekwisha kujiandikisha abadilishe chama kufikia Oktoba 2015 ili apige kura Aprili 2016, na zaidi ya watu milioni mbili wasio na chama walibaki nje wakati Clinton akishinda kwa asilimia 58. Hata watoto wawili wa Trump mwenyewe, Ivanka na Eric, hawakuweza kumpigia baba yao kura kwa sababu walichelewa kubadilisha uandikishaji wao.

Hofu inayotajwa mara nyingi, kwamba wageni huingia kwa hila ili kumchagua mgombea dhaifu atakayeshindwa baadaye, haina uzito mkubwa. Mwaka 2008 mtangazaji wa redio Rush Limbaugh aliwahimiza Warepublican waingie mchujo wa Democratic na kumpigia Hillary Clinton ili kurefusha mvutano wake na Barack Obama, lakini tafiti juu ya wapiga kura wanaovuka, kama zile za California mwaka 1998, zimekuta kwamba walio wengi humpigia mtu wanayemtaka kwa dhati. Jambo la kweli zaidi ni kwamba wakati mwingine humpigia mtu ili kumkataa mwingine. Ndivyo ilivyokuwa Januari 2024, ambapo mchujo wa Democratic wa New Hampshire haukuwa na jina la Rais Joe Biden kwenye karatasi, hivyo wasio na chama wakamiminika upande wa Republican, na Nikki Haley, mpinzani wa Trump, akapata asilimia 43 dhidi ya 54 za Trump. Haley aliongoza kwa wasio na chama, na Trump alipata karibu robo tatu ya wenye chama. Katika mazingira ambamo chama na mtu mmoja vilikuwa vimeungana kiasi hicho, kumpinga mtu huyo kulitosha kuhesabiwa kuwa kukipinga chama.

McCain, baada ya kushindwa mwaka 2000, alirudi katika kinyang'anyiro akiwa amejifunza. Alikuwa amepinga punguzo la kodi la Bush mwaka 2001 na 2003, kisha akaja kuunga mkono lirefushwe. Na Mei 2006 alikwenda kuhutubia mahafali ya Chuo Kikuu cha Liberty, kilichoanzishwa na Falwell yuleyule ambaye McCain alimshambulia Virginia Beach. Januari 2008 alishinda tena mchujo wa New Hampshire, kwa asilimia 37, na safari hii chama kikampa uteuzi. Siku hiyo, hata hivyo, wengi wa wasio na chama walichukua karatasi ya Democratic, na Novemba ya mwaka huo jimbo hilo lililokuwa limemshindisha mara mbili lilimpa Barack Obama asilimia 54 ya kura zake.